Mwonja Chai Kwenye Roshani ya Kinanda

Kiwandani wanamwita Mama Tema, na hachukii. Kazi yake ni kuonja chai na kuitema. Kila asubuhi mabakuli meupe hupangwa mbele yake juu ya meza ndefu, kila shehena na bakuli lake, bila sukari wala maziwa. Hupita na kijiko, hufyonza kwa kelele ambayo mgeni akiisikia huona haya, huizungusha chai mdomoni, kisha huitema kwenye chombo cha bati kinachosukumwa kando yake kwa magurudumu. Hasemi mengi. Pua ikikunjamana, karani anaandika shehena irudi ilikotoka. Chai iliyohifadhiwa karibu na sabuni, chai iliyoungua kwenye kikaushio, chai iliyolowa ikaota ukungu gunia likiwa bado limeshonwa: zote anazijua kabla hazijagusa koo.

"Mimi silipwi kwa kupenda," huwaambia wanaoanza kazi. "Nalipwa kwa kuchukia vizuri."

Wachache pale kiwandani wanajua kwamba ana kazi nyingine, isiyo na mshahara. Jioni kadhaa kwa wiki, na kila Jumapili, hupanda ngazi nyembamba za kanisa mpaka kwenye roshani ya nyuma, ambako kaka yake mkubwa, mwalimu wa muziki aliyestaafu, hupiga kinanda cha mabomba. Yeye husimama mkono wa kulia wa kaka na kuvuta vishikio.

Kishikio ni kitufe cha mti chenye uso wa kaure. Ukikivuta, safu moja ya mabomba inapata upepo, ukikirudisha, inanyamaza. Mpigaji mikono yake iko kwenye vibao na miguu yake kwenye makanyagio ya chini, kwa hiyo hana mkono wa ziada. Katika nyimbo za ibada haina shida, anachagua safu zake mwanzoni na kuziacha hivyo hivyo. Lakini kaka anapenda muziki wa Kiromantiki, wa wale watunzi waliotaka kinanda kimoja kipumue kama okestra nzima: kianze kwa mnong'ono, kivimbe, kingurume, kirudi kwenye mnong'ono. Muziki huo unataka safu ziongezwe na kupunguzwa njia nzima. Bila Mama Tema, haupigiki.

Majina yaliyoandikwa kwenye kaure ni ya kigeni na nusu yamefutika. Ndugu hawa waliyapa majina yao wenyewe utotoni, wakati baba yao alipokuwa mfagiaji wa kanisa hilo, nao wakicheza chini ya benchi. Shangazi ni filimbi nene, pana, isiyo na haraka. Nyuki ni mabomba membamba yenye sauti ya nyuzi. Tarumbeta inajieleza. Babu anapigwa kwa miguu, na akiamka viti vya chini vinatetemeka. Halafu kuna Vijiko: vifilimbi vidogo, vingine urefu wa penseli, ambavyo ukigusa kibao kimoja vinalia kadhaa kwa pamoja, juu kabisa, kama droo ya vijiko iliyoangushwa sakafuni.

Ni kaka aliyemfundisha kuchagua. Anza na safu za msingi, Shangazi na wenzake, ndani ya sanduku lile kubwa la mbao lenye vidirisha vinavyofunguliwa kwa mguu. Vidirisha viwe vimefungwa. Fungua polepole mpaka mwisho. Kisha vifunge kwa ujanja huku ukiongeza Tarumbeta, ili iingie ikiwa imezibwa mdomo. Kishikio kinavutwa pale tu Babu anapotoa sauti nzito, ili sauti mpya ijifiche chini yake.

"Msikilizaji asijue mlango ulifunguliwa saa ngapi," kaka alikuwa akisema. "Ashtukie tu wageni wamejaa sebuleni."

Na kuhusu Vijiko alikuwa mkali. Hivyo ni vya muziki wa zamani zaidi, ule wa sauti zinazokimbizana, kila moja ikitaka ionekane. Katika muziki huu vingoje ukurasa wa mwisho, kama vinahitajika kabisa. "Ukiviingiza mapema unamwaga changarawe kwenye mchuzi," alisema, na Mama Tema, ambaye tangu msichana alikuwa na mdomo usiosamehe, alimwelewa mara moja.

Kwa hiyo alipoona kaka ameandika Vijiko kwa penseli kwenye karatasi za muziki, ukurasa mmoja kabla ya mwisho, alidhani kaka amekosea. Baadaye vikahamia katikati. Alivivuta, kwa sababu kazi yake ni kuvuta, na meno yakamfa ganzi. Sauti ilikuwa na ukakasi wa chai iliyochemshwa mara tatu. Juu ya ule wimbo mzito, laini, kaka alikuwa ameweka bati linalokwaruzwa, naye amekaa pale amefumba macho kwa raha.

"Kinanda kimezeeka," kaka alilalamika. "Hakina mwanga tena. Kimekula vumbi."

Wakamwita fundi, mzee mnene anayetengeneza vinanda vya makanisa kadhaa, akapanda ndani ya sanduku na tochi. Vidirisha vilipofunguliwa, harufu ilishuka juu ya roshani kama shuka lililolowa mkojo. Popo walikuwa wamehamia. Fundi alikusanya kinyesi chao kwa koleo la jikoni, kisha akatoa panya aliyekauka, mkia umeganda wima, akamtumbukiza kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, mabomba yako mazima kuliko magoti yangu," alisema. "Ila una wapangaji."

Mama Tema, mwanamke anayetema mate kwa riziki yake, alikwenda dirishani na kutoa kichwa nje. Kilichomtia kinyaa zaidi ya panya, hata hivyo, ni kwamba baada ya usafi wote ule kaka alikaa, akapiga, akatikisa kichwa. "Bado," alisema. "Ongeza Vijiko na hapa mwanzoni."

Jibu lilikuja kwa bahati mbaya. Siku moja kiwandani alikuwa ameonja shehena ya ukungu, na jioni ladha ilikuwa bado imeganda nyuma ya ulimi kama gundi. Katikati ya wimbo alikohoa, akainama kutafuta leso, na mahali pa kuvuta Vijiko pakapita. Alisubiri kufokewa. Kaka alimaliza, akaweka mikono mapajani, akageuka na uso uliong'aa.

"Umesikia? Leo vimetoka vizuri kweli."

Mama Tema alikitazama kishikio. Kilikuwa ndani, hakijaguswa.

"Nimesikia," alisema.

Tangu siku hiyo hakuvivuta tena. Alipeleka mkono, akakigusa kishikio, akauondoa. Wimbo ukarudi kuwa wimbo. Kaka hakuona tofauti, na kila alipokosa kuiona, dada alizidi kuchafukwa moyo. Mtu anayejua sumu imo kwenye bakuli na anaiacha mezani huwa hana usingizi mzuri. Lakini amwambie nini? Mke wa kaka alikuwa ameanza kuona dalili upande wake, ila alizisoma vingine.

"Wifi, niambie ukweli," alisema Jumamosi moja jikoni kwake, akiwa ameshika kiuno. "Kaka yako ananidharau?"

"Kafanya nini tena?"

"Birika linapiga filimbi mpaka majirani wanachungulia, yeye kakaa palepale na gazeti lake. Nikamwambia, baba wee, hata birika huliheshimu? Ananiuliza birika gani!"

Mama Tema alilitazama birika. Lilikuwa jipya, la filimbi nyembamba sana.

"Hakudharau, wifi."

"Basi anamdharau nani? Birika?"

Wakacheka, na kicheko hakikukaa vizuri mdomoni. Kaka alikuwa bado anasikia maneno, magari, hatua za watu ngazini. Kilichokatika ni cha juu tu. Juu ya kiwango fulani dunia yake ilikuwa imefungwa, naye alidhani ni kinanda kilichofungwa. Tangu alipostaafu, kinanda hicho ndicho kitu pekee alichokuwa akikiita changu. Ndiyo maana dada yake alinyamaza: alihofu kwamba akimwambia, kaka angefunika vibao na asipande tena zile ngazi.

Uongo ule ungeweza kuendelea miaka. Ulivunjwa na sherehe. Kanisa lilikuwa linaadhimisha jubilei yake, redio ilikubali kuja kurekodi, na kaka akachagua wimbo mrefu kuliko zote alizowahi kuzipiga. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mtu wa pipi za mnanaa ambazo huzivunja kwa meno sikioni mwako anapoongea, alipanda roshani kutoa maoni yake.

"Mwalimu, pigeni kwa nguvu. Watu wasije wakalala. Mimi muziki usiponitikisa shati nahesabu sijaenda."

Mama Tema alimtazama kama anavyotazama bakuli la shehena ya kurudishwa. Lakini kaka aliitikia kwa kichwa, na hilo lilimuuma. Mtu aliyemfundisha kuficha mlango alikuwa sasa anakubaliana na muuza kelele. Na kwa kuwa sifa ya siku ile moja ilikuwa imeshapoa, na Vijiko kila siku vilizidi kuwa hafifu masikioni mwake, kaka aliamua dawa: fundi aje na kisu chake kidogo, apanue midomo ya vile vifilimbi kimoja kimoja vipate kupiga kelele zaidi. Kazi hiyo ikishafanywa haina kurudi. Bomba lililokatwa mdomo haliambiwi pole likafunga.

Fundi alikuja mchana, siku chache kabla ya sherehe. Ngazi ilisimamishwa, kisu kikanolewa. Mama Tema alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, aproni bado imefungwa kiunoni.

"Kaka, mwambie ashuke."

"Ashuke? Huyu nimemngoja siku ngapi!"

"Vijiko havina ubaya wowote."

"Havina ubaya? Vinalia kama kifaranga mwenye mafua. Wewe mwenyewe ndiye unavivuta, husikii?"

"Sivivuti."

Kaka alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake si yake.

"Huvivuti vipi?"

"Napeleka mkono tu. Sivivuti. Tangu kabla ya mvua."

Juu ya ngazi, fundi aligundua ghafla kwamba ana kitu cha kutafuta mfukoni.

Kaka aligeukia kinanda. Aliwasha mashine ya upepo, akakaa, akarudisha vishikio vyote mwenyewe, kwa mkono wake, kimoja baada ya kingine. "Vuta Vijiko," alisema. "Peke yake. Na safari hii vuta."

Akavuta. Kaka aliweka kidole kwenye kibao cha kushoto kabisa na kuanza kupanda. Mwanzoni alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sauti. Kuelekea katikati kichwa kikapunguza. Kisha kidole kikaendelea kupanda na kichwa kikasimama.

"Umezima?"

"Sijazima."

Akagusa kibao kinachofuata. Akagusa kingine. Kwake ilikuwa mbao zinazogonga mbao, kama mtu anayepanga bao bila kete. Akainua macho kumtazama dada yake, na hapo ndipo alipopata habari kamili. Pua ilikuwa imekunjamana, mdomo umevutwa upande mmoja, shingo imerudi nyuma. Akaondoa kidole, uso ukalegea. Akakirudisha, uso ukakunjamana. Alifanya hivyo mara kadhaa, polepole, kama mtoto anayejifunza swichi ya taa.

Kisha akazima mashine. Upepo uliobaki ukatoka kwenye mivukuto kwa mguno.

"Masikio ni ya uzee, hayo nayamudu," alisema. "Unajua kinachonitia kinyaa? Kule kiwandani chai mbovu unaitema mbele ya watu wote, mpaka wamekupa jina. Ya kwangu umekuwa ukiitemea dirishani."

"Nilikuonea huruma, kaka."

"Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo hasa."

Akachukua kofia yake. Fundi alishuka, akafunga kisu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa leo hatadai kitu.

Mama Tema alibaki peke yake na kishikio kilichovutwa. Aliijua ladha aliyokuwa nayo mdomoni, na haikutoka kwa kaka. Miaka yote kiwandani hajawahi kuipitisha shehena mbaya kwa kumwonea haya mwenye nayo. Wapo waonjaji wanaofanya hivyo, na hao hawezi hata kula nao meza moja. Sasa alikuwa mmoja wao, tena kwa mtu wake wa damu, tena kwa miezi. Alikirudisha kishikio ndani kwa ncha ya kidole, kama kitu kilichokutwa ndani ya sanduku la popo.

Siku zilizofuata kaka hakumpigia simu. Habari zilipitia kwa wifi.

"Kaka yako anasema Jumapili uwe pale mapema. Hakusema tafadhali, hiyo nimeiongeza mimi. Na wifi, jamani, ndiyo nini kuninyima siri kama ile? Nimekorofishana na mzee wa watu kwa ajili ya birika!"

Jumapili kanisa lilijaa. Marashi ya watu yalipanda roshani yakakutana na kile kilichobaki cha popo, na mchanganyiko wake ulikaa kooni. Mwenyekiti alikuwa safu ya mbele, shavu limetuna pipi. Mtu wa redio alikuwa amefunga maikrofoni kwenye nguzo. Kaka alikuwa ameshakaa kwenye benchi, shati limepigwa pasi, hageuki. Mama Tema alisimama mahali pake na kutazama karatasi za muziki.

Penseli yote ilikuwa imefutwa. Vumbi la raba lilikuwa bado kwenye mikunjo. Hakuna Shangazi, hakuna Nyuki, hakuna mahali pa kuvuta wala pa kurudisha. Kurasa zilikuwa safi kama siku ziliponunuliwa, isipokuwa chini kabisa ya ule wa mwisho, juu ya sauti kuu ya kumalizia. Hapo palikuwa na neno moja, kwa wino: Vijiko.

"Kaka," alinong'ona, "safu nichague mimi?"

"Una mdomo," alisema kaka, bila kugeuka. "Utumie."

Akaanza kupiga.

Dada alimfungulia kwa Shangazi peke yake, vidirisha vimefungwa. Akamwacha Shangazi kwa muda mrefu kuliko walivyozoea, kwa sababu Shangazi yuko chini, na huko chini kaka alikuwa bado ana masikio mazuri kuliko kanisa zima. Alimwona akigundua. Mabega yalishuka kidogo. Wimbo ulipoomba kuvimba hakwenda juu kuutafutia mwanga. Aliuongezea upana, safu nzito juu ya safu nzito, kila moja akiiingiza chini ya kivuli cha Babu. Tarumbeta iliingia ikiwa imezibwa mdomo, na mguu wa kaka ukaanza kufungua vidirisha taratibu, bila kuambiwa. Kwenye sehemu ya polepole alimvuta Nyuki, akamsikiliza, akaona kaka ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, akamrudisha Nyuki ndani na kumrejesha Shangazi. Hawakuangaliana.

Chini mtu alikohoa. Mwenyekiti alivunja pipi, na mlio ule ulifika roshani mzima kama ulivyo. Mama Tema alisaga meno akageuza ukurasa.

Ukurasa wa mwisho ulifika ukiwa na kila kitu ambacho kinanda hicho kinaweza kutoa kwa heshima. Vidirisha vyote wazi, Babu akitikisa benchi, Tarumbeta imefunguliwa mdomo. Ulikuwa umekamilika. Kwa hukumu ya mwonja chai, haukuhitaji hata tone. Mkono wake ulikwenda kwenye kishikio kile, ukasimama hapo, palepale uliposimama miezi yote ile.

Kaka aliangusha mikono yote miwili kwenye sauti kuu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze akageuka. Hakuangalia kishikio. Alimtazama usoni.

Akavuta.

Vijiko vikaanguka juu ya kila kitu, droo nzima, kuanzia paa. Vilikuwa vibaya kuliko alivyokumbuka. Meno yalimfa ganzi mpaka kwenye fizi, mate yakamjaa mdomoni, na hakukuwa na chombo cha bati. Hakujizuia wala hakujipamba. Aliuacha uso ufanye kazi yake.

Kaka aliiona pua ikikunjamana, akajua vinalia. Hakuachia vibao.